Umejifunza Kuprogramu Ukakwama? Anza na Maandishi Mekundu

Karibu kila mwezi wanakuja watu kwenye darasa letu hapa Mbagala na maelezo yanayofanana. Mmoja amenunua kozi ya mtandaoni, mwingine ametumiwa notisi kwenye grupu la WhatsApp, mwingine amesoma miezi mitatu mahali fulani na cheti anacho. Wote wameshaandika programu zikafanya kazi. Ila mpe kompyuta na ukurasa mtupu, mwambie aandike programu ya kujumlisha mauzo ya siku. Ataandika mistari miwili, yatatokea maandishi mekundu, na ataishia hapo hapo. Atageuka kunitazama: "Mwalimu, imekataa."

Kompyuta haijakataa. Imejibu. Imetaja mstari wenye shida, imetaja aina ya kosa, na mara nyingi imeonyesha hata neno lenyewe lililoikwamisha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa na huyu mtu akamfundisha kulisoma jibu hilo. Kafundishwa kunakili. Likitokea kosa anafuta kila kitu na kunakili upya, na ikigoma mara ya tatu anajiambia kwamba kuprogramu ni kwa wenye akili za hesabu au waliosoma shule za Kiingereza. Nimewaona vijana wazuri sana wakiacha kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, maana walikuwa wamebakiza hatua moja.

Suala la Kiingereza nalisikia zaidi kwa waliomaliza darasa la saba. Naomba tulipime kwa uzito wake. Python, lugha ya kuandikia programu tunayoanza nayo, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na maneno yake maalumu, yaani yale ambayo lugha yenyewe imeyatenga kwa kazi zake, yako 35 tu. Anayeanza hutumia kama kumi kwa wiki nyingi za mwanzo. Fundi gari anajua klachi, gasketi na kabureta, tena anajua kila kimoja kinaharibikaje, na hajawahi kuulizwa Kiingereza chake. Majina mengine yote kwenye programu unayatunga mwenyewe. Darasani kwetu utakuta mauzo, chenji, deni_la_mteja, na mashine haina shida nayo hata kidogo.

Acha nieleze kilichotokea kwenye kundi lililopita, kwa sababu kinaonyesha tunavyofanya kazi kuliko tangazo lolote. Mama mmoja anayeuza vitenge alikuwa anaandika programu ya kwanza ya biashara yake. Inamuuliza mauzo ya asubuhi, inamuuliza mauzo ya jioni, inampa jumla. Asubuhi akaweka 12000, jioni akaweka 8000. Skrini ikaandika 120008000.

"Mwanangu, hii milioni mia na ishirini imetoka wapi?"

Watu wakasogea. Hapo hapakuwa na jekundu lolote, na ndiyo maana kosa la aina hii ni baya zaidi: programu imemaliza kazi kwa amani, na jibu ni la uongo. Sikumjibu mimi. Kijana wa bodaboda aliyekaa naye aliitazama ile namba kwa muda, kisha akasema, "Mama, haijajumlisha. Imezipanga tu, moja ikafuata nyingine." Ndivyo hasa. Python ikipokea kitu kupitia input, ile amri ya kumuuliza mtu, inakipokea kama maandishi, hata kama ulichobonyeza ni tarakimu. Na maandishi mawili ukiyawekea alama ya kujumlisha yanaungana, kama "mwana" na "nchi" yanavyoungana kuwa "mwananchi". Dawa yake ni kuizungushia input amri ya int, ili yale maandishi yageuzwe kuwa namba kabla ya hesabu.

Akarekebisha, akaendesha tena. Safari hii akaandika kiasi kama anavyokiandika kwenye daftari lake la mauzo, 8,000, na mkato katikati. Sasa yakaja mekundu:

ValueError: invalid literal for int() with base 10: '8,000'

"Mama, soma kuanzia chini," nikamwambia. Hilo ndilo somo la kwanza kabisa kwetu: mstari wa mwisho ndio unaosema kilichotokea, wa juu yake unasema kimetokea wapi. Neno la kwanza linataja aina ya kosa. Value ni thamani, yaani thamani uliyonipa siwezi kuifanyia kazi. Na mwishoni, ndani ya alama za kunukuu, mashine inakuonyesha kitu chenyewe. Akapeleka kidole kwenye skrini, akakiweka juu ya ule mkato. "Hiki hapa." Hakuna aliyemwonyesha. Tangu siku hiyo sijamsikia akisema imekataa. Anasema "inalalamika kuhusu mstari wa tatu", na anaenda mstari wa tatu.

Makosa mengine tumeyaona mara nyingi hadi tunayatambua mtu akiwa bado mlangoni. Ukiandikia kwenye simu, kibodi hupenda kuanza mstari kwa herufi kubwa, kwa hiyo print, amri ya kuandika kwenye skrini, inakuwa Print, na kwa Python hayo ni maneno mawili tofauti. Utapata NameError, yaani jina hilo silijui. Kuanzia toleo la 3.10, la mwaka 2021, mashine inakuuliza kabisa kama ulikusudia 'print', na bado watu hawalioni swali hilo kwa sababu wamefundishwa kuogopa rangi. Kosa jingine linatoka kwenye notisi zilizochapwa kwa Word. Word hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, zinapendeza kwenye barua, lakini Python haizitambui. Mtu ananakili mstari sahihi kabisa, anaambiwa kuna herufi isiyofaa, na kwa macho haoni tofauti. Akizifuta na kuzipiga upya kwa kibodi, inapita. Nadhani kosa hili peke yake limewakatisha tamaa wanafunzi wengi kuliko somo lolote gumu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la saa. Tunawaambia waandike programu inayopokea saa ya Kiswahili na kuitoa kama inavyosomeka kwenye simu iliyowekwa mfumo wa saa 24. Mchana ni rahisi: jumlisha 6. Saa mbili asubuhi inakuwa 8, saa tisa alasiri inakuwa 15. Usiku unajumlisha 18, na ikifika 24 au kuzidi unaondoa 24. Hapo ndipo wanapokutana na alama ya asilimia, ambayo kwenye Python hutoa baki ya kugawanya: (saa + 18) % 24. Saa sita usiku inatoa 0, sawasawa kabisa. Watu wanafurahi, wanapigana viganja. Kisha mmoja anajaribu saa kumi na mbili asubuhi. Ameiweka kwenye kanuni ya mchana kwa sababu ni asubuhi, na jibu linakuwa 18, yaani jua linazama wakati watu wanaamka.

Mabishano yanayofuata ni matamu. Saa kumi na mbili ya asubuhi ni ya usiku unaoisha au ya mchana unaoanza? Ukihesabu vizuri, ni ya kumi na mbili kati ya saa za usiku, na saa moja ndiyo inayofungua hesabu ya mchana. Iingize kwenye kanuni ya usiku: 30 toa 24, unapata 6. Tumelijua hili maisha yetu yote bila kuliwaza, na kompyuta ndiyo inayotulazimisha kulisema kwa maneno. Kwangu mimi kuprogramu ni hapo. Alama na mabano huzoeleka ndani ya wiki chache, lakini kulieleza jambo unalolijua hadi lisibaki na shimo, hiyo kazi inahitaji kufundishwa kwa subira, na inafundishika vizuri zaidi kwa lugha anayoiwazia mtu.

Sasa kuhusu darasa lenyewe. Ni wiki kumi, Jumamosi na Jumapili, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Kompyuta ziko nane, za mitumba lakini nzima, na watu wanakaa wawili wawili kwa makusudi. Mmoja anachapa, mwingine anasoma kwa sauti na kuangalia makosa, na kila dakika ishirini wanabadilishana. Anayesoma hujifunza sawa na anayechapa, wakati mwingine zaidi. Huhitaji bando: Python na kihariri chake, IDLE, vimeshawekwa na vinafanya kazi bila intaneti. Nyumbani, kama huna kompyuta, tunakusaidia kuweka Pydroid 3, programu ya kuandikia Python, kwenye simu ya Android ili uendelee na mazoezi.

Kuna kanuni moja ambayo wageni huiona ngeni: mwalimu haruhusiwi kugusa kibodi ya mwanafunzi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nachukua kipanya, narekebisha haraka, naondoka, na mwanafunzi anashukuru. Wiki inayofuata ananiita kwa kosa lile lile. Siku hizi nasimama nyuma, mikono mgongoni, nauliza: mstari wa mwisho unasemaje? Inachukua muda mrefu, na wakati mwingine dakika kumi nzima zinaishia kwenye nukta pacha moja iliyosahaulika mwishoni mwa mstari wa if, yaani wa sharti. Hizo dakika kumi ndizo unazolipia.

Ada ni shilingi 80,000 kwa wiki zote kumi, na unaweza kuilipa mara mbili. Wanafunzi wa sekondari wanalipa nusu. Mzazi anayetaka kukaa nyuma kipindi cha kwanza aone mtoto wake anafundishwa nini, karibu sana.

Hatukuahidi ajira. Wiki kumi hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa programu, na anayekuambia vinginevyo anataka hela yako. Tunachokuahidi ni kwamba utaondoka ukiweza kuandika programu ndogo inayofanya kazi yako mwenyewe, na ikiharibika utajua pa kuanzia kutafuta. Waliotaka kuendelea zaidi ya hapo wameendelea wakiwa na msingi huo.

Kundi jipya linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na nafasi ni kumi na sita. Siku ya kwanza njoo na daftari, kalamu, na hesabu moja inayokusumbua kila wiki: mauzo ya duka, marejesho ya kikoba, zamu za wafanyakazi, chochote. Iandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Hiyo ndiyo programu utakayoiandika wiki ya kumi.