Sam Houston hakuishia San Jacinto

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Makala yenu kuhusu Sam Houston niliisoma kwa hamu, kwa kuwa naishi katika mji wenye jina lake, ambako siku hizi Kiswahili hukikosi sokoni wala kanisani. Lakini mwandishi wenu amemfikisha kwenye vita vya San Jacinto tarehe 21 Aprili 1836, alipoongoza jeshi la Texas dhidi ya Mexico, jeshi la Santa Anna, rais wa Mexico, likavunjwa kwa dakika 18, kisha akaweka kalamu chini. Hata sanamu yake hapa Hermann Park, akiwa juu ya farasi, inanyoosha mkono kuelekea uwanja huohuo. Mtu huyu aliishi miaka 27 zaidi!

Tena kabla ya vita alikuwa mwanasheria. Ujana wake huko Tennessee alitoroka kwao akaenda kuishi na Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Amerika, akaijua lugha yao. Mwaka 1818 alisoma sheria Nashville kwa miezi sita tu, masomo ambayo yalikadiriwa kuchukua miezi 18, akafungua ofisi katika mji mdogo wa Lebanon. Huko mipakani sheria ilikuwa mlango wa siasa: 1823 alikwenda bungeni Washington, 1827 akawa gavana wa Tennessee.

Kilichonifanya niandike ni mwaka 1861. Houston alikuwa gavana wa Texas, na majimbo ya kusini yalikuwa yakijitenga ili yaulinde utumwa. Alipinga kujitenga hadharani, akijua kuwa wengi hawamtaki tena. Kura ya tarehe 23 Februari ilimshinda vibaya: zaidi ya watu 46,000 walitaka kujitenga, waliokataa hawakufika 15,000. Tarehe 16 Machi viongozi walitakiwa kuapa utii kwa serikali mpya ya kusini. Jina lake likaitwa, hakujitokeza. Wakamvua ugavana akiwa na miaka 68. Rais wa Marekani, Lincoln, alikuwa tayari kumpa askari wa kumbakiza madarakani, naye akakataa, kwa sababu hakutaka damu imwagike Texas kwa ajili ya kiti chake. Kwangu mimi siku hiyo inazidi dakika zote 18 za San Jacinto, na kuiacha nje ni kumpunja msomaji.

Wala siombi mumsafishe. Mwaka 1854, akiwa seneta, alipiga kura dhidi ya sheria ya Kansas-Nebraska iliyofungulia utumwa njia ya kuenea, na kura hiyo ilimgharimu sana kisiasa. Hata hivyo yeye mwenyewe alimiliki watumwa mpaka uzeeni. Mmoja wao, mhunzi aliyeitwa Joshua, aliingia nyumba hiyo pamoja na Margaret, mke wa Houston, walipooana mwaka 1840. Alijifunza kusoma na kuandika. Baada ya watumwa kuachwa huru, Joshua Houston alikuwa diwani wa mji wa Huntsville, kisha kamishna wa kaunti ya Walker, palepale alipozikwa bwana wake wa zamani.

Mwandishi wenu ana kalamu nzuri. Mpeni ukurasa mwingine, amwandike Joshua.

Msomaji wenu,
Houston, Texas