Hifadhi ni ya dunia, mashimo ni yetu: barua ya wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa wa New South Wales

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Serikali za Mitaa,
Jimbo la New South Wales,
Sydney, Australia.

KUH: MZIGO WA HALMASHAURI YA BLUE MOUNTAINS

Mheshimiwa,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imekwisha kutumwa ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu wa Blacktown, Penrith na Mount Druitt, vitongoji vya magharibi mwa Sydney, watu wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao wikendi jua likiwaka hupanda huku juu Blue Mountains na watoto wao, wakapiga picha mbele ya miamba ya Three Sisters, wakanywa chai Leura na kuteremka jioni. Wengi wao siku hizi ni raia na wanapiga kura. Ni haki yao kujua mlima wanaoupenda unagharimiwa na nani.

Mimi naishi katikati ya milima hii, upande wa Hazelbrook, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Ndiyo maana barabara za vijiji nazijua kuliko nizijuavyo barabara za Sydney: ipi ina shimo, ipi haina taa, ipi mvua ikinyesha siku mbili mfululizo huwa mto. Ndiyo maana pia nazisikia habari za halmashauri kila siku, maana mzee akishakunywa dawa na chai, mazungumzo yanayofuata ni bili ya kodi ya ardhi.

Kwa jina halmashauri yetu ni jiji. Kwa sura ni mgongo mmoja mrefu wa mlima wenye miji na vijiji 27, vilivyopangana kama shanga kwenye uzi kuanzia Lapstone kule chini hadi Mount Victoria kule juu, pamoja na vingine vichache vilivyojitenga kama Mount Wilson na bonde la Megalong. Uzi wenyewe ni barabara kuu ya Great Western na reli inayokwenda sambamba nayo. Ukitoka mgongoni, kulia ni genge na msitu, kushoto ni genge na msitu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya 78,000 katika eneo la kilomita za mraba 1,431, na zaidi ya asilimia 70 ya eneo hilo ni hifadhi ya taifa. Mwaka 2000 UNESCO iliiingiza milima hii katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa sababu ya mikaratusi yake hasa. Tulifurahi, na bado tunafurahi.

Sasa tuzungumze pesa. Kifungu cha 555 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1993 kinasamehe ardhi ya hifadhi ya taifa kodi ya halmashauri. Siombi miti itozwe kodi, ningekuwa kichekesho. Ninachosema ni kwamba mgeni anayekuja kuiona hiyo miti hapiti angani. Anapita barabara ya halmashauri, anaegesha gari kando ya mtaro wa halmashauri, anaingia choo kinachosafishwa na mfanyakazi wa halmashauri, na takataka zake hubebwa na lori la halmashauri. Ada ya gari langoni Glenbrook huenda kwa idara ya hifadhi ya Jimbo. Halmashauri nayo hujipatia chochote kwenye maegesho ya Echo Point, pale watu wanapoitazama Three Sisters, sitaficha hilo. Lakini maegesho ya sehemu moja hayawezi kulisha vijiji 27.

Kwa hiyo gharama humwangukia mwenye nyumba. Na hapo ndipo Jimbo linapofunga mlango wa pili. Tangu 1977 New South Wales imewawekea kikomo madiwani: mapato ya kodi ya ardhi hayaruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia inayopangwa kila mwaka, na siku hizi mpangaji ni IPART, chombo huru cha Jimbo cha kudhibiti bei. Halmashauri ikitaka zaidi, iombe ruhusa maalumu. Blue Mountains iliomba, na 2015 ikaruhusiwa kuongeza kwa miaka 4 baada ya kuwauliza wakazi. Wakazi walikubali kujiongezea kodi. Nikiwasimulia jambo hilo jamaa zangu wa Nakuru hudhani nawatania.

Kikomo kina sababu zake, nami siyo shabiki wa kodi. Kinamlinda mwananchi dhidi ya madiwani wenye ndoto kubwa. Ila kikomo hicho hakiulizi halmashauri ina ardhi kiasi gani inayolipa na kiasi gani isiyolipa. Wala hakiulizi kama barabara zake ziko tambarare au zinaning'inia juu ya genge.

Nirudi kwa wazee wangu. Huku mlimani umri wa kati ni miaka 45, na wa Jimbo zima ni 39. Tuna wazee wengi. Sheria inamsamehe mstaafu anayepokea pensheni hadi dola 250 za kodi ya ardhi kwa mwaka, na kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka 30. Dola 250 za wakati ule zilikuwa pesa. Leo mmoja wa mabibi ninaowahudumia huziita "pesa ya maua", na yeye maua hanunui, anapanda. Kisha tazama nani anayelipia msamaha huo: Jimbo linatoa asilimia 55, halmashauri inatoa asilimia 45. Maana yake, kadiri kijiji kinavyozeeka, ndivyo halmashauri inavyozidi kupoteza mapato. Sijui ni nani aliyeketi akaona huo ni utaratibu wa busara, lakini hakuwa na mama mzee Blackheath. Jambo hili, Mheshimiwa, liko mezani kwako hasa, halihitaji tume wala mashauriano ya miaka miwili. Pandisha kiwango, na Jimbo lilipe chote.

La moto ni refu zaidi. Tarehe 17 Oktoba 2013 moto ulishuka vijiji vyetu vya Winmalee na Springwood, na karibu nyumba 200 za milima hii ziliteketea. Miaka 6 baadaye, tarehe 26 Oktoba 2019, radi iliwasha moto wa Gospers Mountain kaskazini mwetu, ukala zaidi ya hekta 500,000. Ulipodhibitiwa Januari 2020, sehemu kubwa mno ya Urithi wa Dunia tuliosherehekea ilikuwa majivu. Mwezi uliofuata mvua ikaja kwa hasira ikakata reli. Halafu korona. Biashara za watalii zilipigwa mara tatu kabla hazijapata kusimama.

Waliosimama mbele ya moto huo wengi ni wazimamoto wa kujitolea wa Rural Fire Service: fundi bomba, mwalimu, muuza mkate wa mtaani. Hawalipwi. Magari yao je? Sheria ya Moto wa Mashambani ya 1997, kifungu cha 119, inasema vifaa vilivyonunuliwa kwa mfuko wa huduma hiyo ni mali ya halmashauri. Jimbo ndilo linaloamua gari lipi linunuliwe, lipelekwe wapi na liondolewe lini; halmashauri haiwezi hata kuliazima. Lakini vitabuni gari ni la halmashauri, kwa hiyo uchakavu wake huandikwa kama gharama ya halmashauri, na hesabu zake huonekana mbaya kuliko zilivyo. Halmashauri nyingi zimegoma kuyaandika, na kila mwaka ni mvutano na wakaguzi. Kwetu sisi hiyo inaitwa kumiliki ng'ombe kwa jina, maziwa yakinywewa boma la jirani.

Zaidi ya hapo kuna tozo ya huduma za dharura. Gharama za huduma hizo hugawanywa hivi: kampuni za bima hulipa asilimia 73.7, halmashauri asilimia 11.7, Jimbo asilimia 14.6. Tozo inapopanda, mwananchi wa mlimani huilipa mara mbili: kwenye bima ya nyumba yake, ambayo tayari imepaa kwa sababu nyumba imepakana na msitu, na kwenye sehemu ya halmashauri, ambayo haina budi kuchotwa kutoka kapu lilelile la barabara na maktaba. Hadi 2023 Jimbo lilikuwa likizifidia halmashauri ongezeko la tozo hiyo. Fidia ikakatwa. Novemba mwaka huohuo serikali yako ilitangaza nia ya kuiondoa tozo kwenye bima. Nia ni njema. Wasiwasi wangu ni mahali itakapotua ikishaondolewa huko: ikihamia kwenye ardhi, basi yule bibi wa maua ataiona kwa sura nyingine.

Najua mambo ya zimamoto ni ya Waziri mwenzako. Mnakaa baraza moja la mawaziri.

Kisha maporomoko. Aprili 2024 mvua ilibomoa barabara ya Megalong, ile pekee ya lami inayoshuka kutoka Blackheath. Bonde zima, lenye wafugaji wa farasi, mashamba na mkahawa, likabaki likizunguka kwa njia za shida. Kutengeneza barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima si kumwaga kifusi na kushindilia. Huhitaji wajiolojia, nanga za kushikilia mwamba, na miezi. Utaratibu wa fedha za maafa nao kwa kawaida hurudisha barabara jinsi ilivyokuwa kabla ya maafa. Yaani kama mtaro ulikuwa mdogo na ndio ulioleta balaa, unajengewa mtaro uleule mdogo. Ukitaka mkubwa, tafuta pesa zako.

Utaniambia kuna ruzuku za serikali ya shirikisho. Zipo. Ila sheria ya 1995 ya ruzuku hizo inataka kila halmashauri ipate angalau kile ambacho ingepata kama asilimia 30 ya fungu ingegawanywa kwa kuhesabu vichwa. Hivyo hata halmashauri tajiri za ufukweni Sydney, ambazo maegesho yake peke yake ni mgodi, lazima zimegewe. Waziri wa Jimbo huwezi kuifuta sheria ya Canberra, lakini unaweza kwenda kuisemea, na sijasikia ukiisemea.

Wako pia watakaosema halmashauri zikipewa pesa zitazichezea, wakikumbusha The Gully. Wana haki ya kukumbusha. Hapo Katoomba, katika bonde dogo lenye kinamasi, waliishi Waaborijino wa Wagundungurra na Wadharug waliokwisha kufukuzwa mabonde mengine, pamoja na majirani Wazungu maskini. Mwaka 1957 waliondolewa, vibanda vyao vikabomolewa, ili ujengwe uwanja wa mashindano ya magari, na wakuu wa mji wa wakati ule walikuwa upande wa uwanja. Magari yamekwisha, lami imebaki mle mle bondeni, ukipita utaiona. Mwaka 2002 mahali hapo palitangazwa rasmi kuwa Mahali pa Waaborijino, na tangu 2008 halmashauri na Wagundungurra wanapasimamia kwa pamoja. Hilo halifuti la 1957. Lakini waliofanya mapatano hayo ni watu wanaokutana dukani na kwenye misa, si maofisa walioteremka kutoka Sydney. Kama Jimbo lingekuwa ndilo lenye kusimamia kila kitu, nadhani bado tungekuwa tunasubiri fomu.

Nchini kwetu Kenya, pesa za langoni Maasai Mara huingia Kaunti ya Narok. Wanagombana juu ya matumizi yake hadi mahakamani, wala sikuletei Narok kama pepo. Hata hivyo hakuna mtu kule anayebisha kwamba jirani wa hifadhi ana fungu lake. Huku, katika nchi tajiri kuliko Kenya mara nyingi, hoja hiyo bado inaonekana ngeni.

Novemba 2024 kamati ya Baraza la Juu la Bunge lako ilitoa ripoti kuhusu uwezo wa halmashauri kugharimia miundombinu na huduma. Halmashauri zilikuja, zikasema, zikaandikwa. Kwa hiyo hapana haja ya kuunda kamati nyingine ya kutuuliza tunaumwa wapi.

Nakuomba haya. Jimbo liilipe kila halmashauri iliyobeba hifadhi ya taifa fungu la kila mwaka badala ya kodi, lipimwe kwa eneo la hifadhi na kwa idadi ya wageni. Msamaha wa wastaafu upandishwe na ulipwe wote na Jimbo. Kifungu cha 119 kirekebishwe, anayeamua habari za gari la zimamoto aliandike kwenye vitabu vyake. Fedha za maafa ziruhusu barabara ya mlimani ijengwe imara kuliko ilivyokuwa, kabla ya mvua nyingine. Na siku ya kuja kutujibu, usiishie ukumbi wa Katoomba ambako kuna maegesho na kahawa nzuri. Mkutano uwekwe Mount Victoria au Winmalee, jioni, watu wakishatoka kazini. Wazee nitawaleta mwenyewe.

Bajeti ya Jimbo husomwa Juni. Tutaipekua ukurasa kwa ukurasa.

Wako mwaminifu,
Mlipa kodi wa Hazelbrook