Barua ya Wazi kwa Walimu Vijana wa Kiingereza: Istilahi Zije Nyuma ya Maneno

Ndugu walimu, wanangu,

Nawasalimu kwa heshima, nikijua kwamba wengi wenu mnaisoma barua hii huku rundo la madaftari likiwasubiri mezani. Mimi nimekwisha kustaafu, lakini vijana wa kidato cha tano wa mtaani kwetu bado huniletea madaftari yao, na katika mada ya uundaji wa maneno hukuta jambo lile lile: ukurasa mzima wa fasili zilizonakiliwa ubaoni, "affixation" (kupachika viambishi), "compounding" (kuambatanisha maneno), "blending" (kuchanganya vipande vya maneno mawili), "clipping" (kukata neno likawa fupi), "conversion" (kubadili aina ya neno bila kulipachika kitu), kila moja na mifano yake miwili, na mifano yenyewe haibadiliki kutoka shule moja hadi nyingine. Kijana anaweza kunieleza bila kusita maana ya "suffix", yaani kiambishi tamati, kisha nikifungua insha yake nikakuta ameandika "My mother is a good cooker".

Sentensi hiyo inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Aliyeiandika ameona "teach" ikizaa "teacher" na "drive" ikizaa "driver", akaipeleka kanuni hiyo hiyo kwenye "cook", na kwa upande wa kanuni hana kosa. Kilichomwangusha ni kwamba Kiingereza kilikwisha kumwita mpishi "cook", na "cooker" ni jiko. Mwalimu akichora mstari mwekundu na kuendelea na insha inayofuata, mtoto atajifunza kuogopa tu. Heri amsifu kwanza kwa kuiona kanuni, kisha amwonyeshe kwamba neno lililokwisha kukaa huzuia lile ambalo lingeweza kuundwa, kama "thief" inavyoizuia "stealer". Nasi hatusemi mwibaji, ingawa mwimbaji tunaye. Tuna mwizi, naye anatosha.

Ushauri wangu basi ni huu: mwanafunzi alione jambo kwanza, tena alione katika lugha anayoijua, ndipo apewe istilahi yake. Hafiki kwenye mada hii mikono mitupu. Katika somo la Kiswahili amekwisha kuchambua mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, pamoja na mzizi, shina na viambishi, na ukimwandikia "wanacheza" atakukatia vipande vinne bila taabu. Ajabu ni kwamba mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza hukaa chumba kimoja cha walimu, wakinywa chai kutoka birika moja, na kila mmoja akalifundisha jambo hilo hilo kana kwamba mwenzake hayupo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya istilahi za isimu tangu mwaka 1990. Hatuwezi kusingizia kwamba maneno ya kuzungumzia mambo haya hatuna.

Chukueni kiambishi awali "un-". Madaftari mengi husema ni cha ukanushi na kuishia hapo. Lakini ingawa "unhappy" ni mtu asiye na furaha, "untie" si kutofunga, ni kufungua. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba "un-" ni "si" atapotea hapo, na hapana sababu ya kupotea, kwa kuwa kauli ya kutendua anayo tangu utotoni: funga na fungua, kunja na kunjua, funika na funua, ziba na zibua. Ziandikeni jozi hizo upande mmoja wa ubao, na upande wa pili andikeni "tie" na "untie", "fold" na "unfold", "cover" na "uncover", "block" na "unblock", kisha nyamazeni kidogo. Darasa litawaambia lenyewe kwamba ziko "un-" mbili, moja ya kukana hali na nyingine ya kurudisha nyuma tendo. Vivyo hivyo kwa "in-" inayokuwa "im-" katika "impossible" na "ir-" katika "irregular": mtoto anayesema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya amekuwa akitumia alomofu, yaani sura tofauti za kiambishi kimoja, maisha yake yote.

Hata hivyo, Kiswahili kinaweza pia kumpotosha, na hapo mwalimu hana budi kusema waziwazi. Kitenzi chetu hubeba nafsi na njeo mwanzoni, ilhali Kiingereza huweka viambishi vyake vya kisarufi mwishoni, navyo kwa hesabu ya kawaida ni vinane tu: vya wingi, umilikishi, nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita, kitenzi timilifu, "-ing", na viwili vya kulinganisha sifa. Vingine vyote huzaa maneno mapya. Maneno ambatani nayo yana mtego wake, kwa sababu sisi hutanguliza kinachotajwa na Kiingereza hukiweka nyuma. "Flower garden" ni bustani ya maua, lakini "garden flower" ni ua la bustanini, na mwanafunzi asiyefundishwa kusoma kutoka nyuma atazichanganya hadi chuo kikuu.

Kuhusu "root", "stem" na "base", sioni haja ya kuwatesa watoto. Waambieni kwamba katika "teachers" mzizi ni "teach", na shina linalopokea "-s" ya wingi ni "teacher", na kwamba "base" ni jina la jumla la chochote kinachopachikwa kiambishi. Muwatahadharishe tu kwamba shina waliloliona katika Kiswahili, lenye irabu yake ya mwisho, halilingani moja kwa moja na hili.

Msamiati nao hukua kwa ukoo, si kwa neno moja moja. Averil Coxhead wa New Zealand alipochapisha mwaka 2000 orodha yake ya maneno ya kitaaluma, alihesabu jamii za maneno 570, na anayezijua hurahisishiwa sana kusoma vitabu vya masomo yote. Akifundishwa "decide", apewe siku hiyo hiyo "decision", "decisive" na "indecisive", katika sentensi nne. Na aonywe kuhusu maneno yanayozoeana. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa kila moja, na kamusi ya neno kwa neno haitamwambia.

Najua mtanijibu kwamba mtihani unataka fasili na mifano. Ni kweli, nami sisemi muziache. Zifundisheni mwishoni mwa mada, kwa juma moja, mwanafunzi akiwa tayari na kitu cha kuzijaza. Na mfano wa "blending" usiwe tena "brunch" na "smog" walizorithi kwa kaka zao. Wakielewa kwamba chajio imetokana na chakula cha jioni, watumeni wakasome gazeti la Kiingereza la wiki hiyo na makaratasi ya bidhaa dukani, kila mmoja alete neno moja aliloliona kwa macho yake na kueleza limeundwaje. Watakaoleta lenye utata ndio wa kuanza nao kipindi kinachofuata.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza