Shoga, nalihitaji lile daftari

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, watoto wazima, baridi ya hapa Mayo, Ireland, ndiyo imeshaanza vituko vyake. Pole sana kwa msiba wa mjomba. Mama Rehema ndiye aliyenipa habari, nikapiga simu haikupokelewa, Mungu amlaze pema. Salamu nyingine nitazitoa baadaye, maana leo nina shida na wewe ndiye wa kunisaidia.

Lile daftari lako la jalada la kijani, ulilokuwa ukiandikia ratiba za klabu yetu ya mpira wa Gaelic, unalo bado? Mkutano mkuu wa klabu ni mwezi ujao, na yule mzee wa karakana ameleta hoja kwamba fainali ya Ireland nzima ya timu za kaunti, ambayo siku hizi huchezwa Julai, irudishwe Septemba kama zamani. Ikipita kwetu itapelekwa mkutano wa kaunti, na huko ikipita itafika mkutano mkuu wa GAA, chama cha mchezo wetu, Februari. Nimeomba nafasi ya kusema. Wengi watakaopiga kura ni wazazi waliojiunga juzijuzi, hawakuyaona tuliyoyaona sisi.

Wewe uliyaona. Mwaka 2016 sisi kaunti ya Mayo tulitoka sare na Dublin kwenye fainali ya Septemba, ikarudiwa tarehe 1 Oktoba, tukashindwa kwa pointi moja. Mwaka 2017, Septemba tena, Dublin tena, pointi moja tena. Mpaka leo nikisikia Croke Park, uwanja wa fainali hizo, tumbo linanikata. Lakini klabuni kulikuwaje? Wachezaji wetu wa kaunti tuliwaona kwenye televisheni tu. Waliobaki walikuja mazoezini Jumanne hawafiki hata timu moja ya watu 15, wakazunguka uwanja bila kujua mechi yao ni lini, kwa sababu ratiba ya klabu ilingoja timu ya kaunti itolewe mashindanoni. Kipa wetu na mchumba wake walishindwa kupanga harusi. Kila tarehe waliyoitaja, mtu alisema huenda kuna mechi. Na hawa watu hawalipwi, Mwanaidi. Ni walimu, mafundi umeme, wafugaji. Majira yao ya joto yaliliwa hivihivi.

Chama kilijaribu. Mwaka 2018 wakasema Aprili iwe ya klabu, na katika kaunti nyingi makocha wakawashikilia wachezaji vilevile. Ilibidi ije korona mwaka 2020 ndipo klabu zikacheza kwanza, fainali ya Ireland nzima ikachezwa Desemba, na watu wakaona kumbe msimu unaweza kugawanywa. Tangu 2022 kaunti wanamaliza Julai, kisha kila mchezaji anarudi klabuni kwao.

Laiti ungeona Agosti iliyopita! Ratiba imebandikwa kwenye friji ya chumba cha chai, tarehe zote hadi fainali ya klabu za kaunti yetu. Na yule kijana wa nyumba ya kona anayechezea kaunti, ambaye watoto wana picha zake ukutani, alikuwa uwanjani mvua inanyesha, amepiga goti kwenye tope mbele ya Idrisa wangu, anamshika kifundo cha mguu wa kushoto na kumwonyesha namna ya kuunyoosha anapoupiga mpira. Idrisa hajaongea jambo lingine tangu hapo. Hilo ndilo ninaloliogopea. Tukirudi Septemba, kijana yule atarudi kuwa wa televisheni.

Mzee wa karakana ana hoja, sitamnyima haki yake. Anasema kuanzia Agosti magazeti yanajaa soka na raga, mchezo wetu hautajwi, na watoto wanafungua shule Septemba hakuna bendera hata moja dirishani. Ni kweli, na inauma. Anasema pia wachezaji wa kaunti wanachoka kwa mechi zilizobanana. Kweli pia. Mwaka 2025 Mayo walicheza fainali ya ligi na Kerry mwisho wa Machi, na wiki iliyofuata wakaingia ubingwa wa jimbo. Nani atapona jeraha kwa wiki moja?

Ila dawa yake si kuchukua miezi ya klabu. Dawa ni kupunguza mechi za kaunti. Kuanzia 2023 hadi 2025 ubingwa wa Ireland nzima ulikuwa na makundi manne ya timu nne, mechi 24 zinachezwa ili ziondoke timu nne tu! Makundi hayo wameshayafuta kuanzia 2026, basi waendelee hivyohivyo. Fainali za ligi nazo zifutwe, anayeongoza jedwali apewe kombe lake. Wakitaka fainali isogezwe hadi mwanzoni mwa Agosti, mimi nitanyoosha mkono. Zaidi ya hapo siwezi, kwa sababu kila wiki wanayoongezewa kaunti inakatwa kwa walio wengi, wale ambao hawatavaa jezi ya kaunti maisha yao yote, na klabu zinasukumwa kwenye giza la Novemba.

Ndiyo maana nataka lile daftari. Mimi nikisema tulikaa tukingoja, watasema nakumbuka vibaya. Nikiwasomea mwandiko wako, mechi imeahirishwa, imeahirishwa tena, nani atabisha?

Basi niambie: ulilibeba kwenda Tanga, au liko kwenye yale masanduku kwa Mama Rehema? Unaweza kunipigia picha kurasa za 2016 na 2017 ukanitumia kwa WhatsApp? Ukiwa wewe ungeanza na harusi ya kipa au na watoto? Na mumeo, ambaye siku zote alikuwa mtu wa Septemba, anasemaje sasa? Goti lake limepona? Rehema bado anapiga mpira, au huko hana wa kucheza naye?

Nijibu mapema, shoga, kabla ya mkutano.

Wako,
Mama Idrisa