Picha tano kwanza, swahiba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokuwa tukiandika utotoni kabla ya kurukia shida iliyotufanya tushike kalamu. Leo shida ni yako, basi narukia hiyo.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mama anatimiza miaka 70, mmekusanya picha 312, mnataka zipite zenyewe kwenye skrini zikiwa na maandishi na muziki, na kazi umetwishwa wewe kwa kuwa eti ndiye "mtu wa kompyuta" wa familia. Umeniuliza swali fupi tu: programu ipi? Ningekujibu kwa neno moja, ila yaliyonikuta mimi sitaki yakukute.

Mwaka juzi nilimtengenezea mjomba onyesho kama hilo alipokuwa anastaafu. Nilipakua programu moja, jina nalihifadhi, imeandikwa "bure" kwa herufi kubwa, na mbwembwe zake hazina idadi: picha inafunuka kama ukurasa, inapasuka kama kioo, inazunguka kama pia. Nilikesha nayo siku tatu. Picha 140, maandishi kila palipohitajika, muziki umekaa sawasawa. Usiku wa kuamkia sherehe, saa sita kasoro, nikabonyeza pale pa kutoa video, yaani kuigeuza kazi yote iwe faili moja la kuchezwa popote. Kikatokea kidirisha: ama nilipie, ama video itoke na jina lao limepigwa katikati ya skrini. Nikajaribu kulipia, kadi ikakataliwa. Kesho yake watu walimtazama mjomba, tangu ana miaka minane hadi anaota mvi, akiwa na jina la kampuni limekatiza kifuani kama amevishwa fulana ya kampeni. Mwenyewe aliniuliza kwa upole, "Hawa ndio waliokudhamini?"

Tangu siku hiyo programu naipima kwa namna inavyoniachia nitoke. Mlangoni zote zinapokea vizuri. Tabia yake utaijua unapotaka kuondoka na mzigo wako.

Kwa hiyo usiingize hata picha moja ya kazi yenyewe kabla ya jaribio hili. Chukua picha tano tu, tena uzichague kwa ukorofi: moja ya kusimama, moja ya kulala, moja ya zamani iliyoskaniwa, moja iliyokuja kwa WhatsApp na moja ya iPhone. Hiyo ya mwisho ni kwa sababu tangu 2017 simu zile huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, na zipo programu zisizoufungua. Weka mstari mmoja wa maandishi, tena wenye neno la ng', maana baadhi ya fonti za mapambo hazina ritifaa na zitakuchorea kisanduku. Weka wimbo. Kisha itoe video hadi mwisho, iweke kwenye flashi, uicheze kwenye skrini ileile mtakayoitumia siku ya sherehe. Si kwenye kompyuta yako, kwenye ile. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua MP4 (aina ya faili la video) ya H.264 (namna ya kuibana video) yenye pikseli 1920 kwa 1080. Karibu kila televisheni na projekta ya siku hizi huisoma.

Hapo ndipo utaona kama kuna nembo ya mtu, kama muziki unakatwa ghafla, kama wamekupunguzia ubora kimyakimya. Mambo yote haya ni nusu saa. Mimi yalinigharimu siku tatu na heshima ya mjomba.

Sasa programu zenyewe.

Kama unayo PowerPoint ya kazini, usiidharau. Kwenye menyu ya kuingiza kuna albamu ya picha: unachagua picha zako zote kwa mkupuo na yenyewe inatengeneza slaidi kwa kila picha. Tangu toleo la 2013 inatoa MP4. Maandishi ndiyo kazi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo hapo hutahangaika. Itakuchosha kwenye muziki. Kuulaza wimbo mmoja chini ya slaidi zote inaweza, lakini ukitaka picha fulani ije wakati kiitikio kinapoanza, utakuwa unahesabu sekunde kwa vidole.

Movie Maker tuliyoizoea zamani isahau. Microsoft waliacha rasmi kuihudumia tarehe 10 Januari 2017, na tovuti zinazodai bado zinaigawa ni za kukwepwa, kwani hapo katikati zimeshasambazwa nakala za hila za kuwachuna watu pesa. Siku hizi kwenye Windows 11 kuna Clipchamp, ambayo Microsoft waliinunua 2021. Kwa bure inatoa video ya 1080 bila nembo, mradi usiguse muziki na mapambo yao yaliyowekewa alama ya kulipia.

Ndugu yako mwenye Mac au iPhone anaipata iMovie bila malipo. Inapenda kuifanya kila picha isogee polepole, mtindo ambao Apple wameupa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za historia wa Marekani aliyeufanya ujulikane. Unapendeza kweli, picha iliyoganda inakuwa kama inapumua. Lakini ukiiachia ijiamulie yenyewe, itakukatia watu vichwa. Picha nyingi za simu zina umbo la 4 kwa 3, skrini ni 16 kwa 9, na programu ikitaka kujaza skrini lazima ipunguze juu na chini, na juu ndiko viliko vichwa. Pitia picha moja baada ya nyingine, uiambie mwendo uanzie wapi na uishie wapi. Usoni ndiko uishie. Na picha za kusimama usizilazimishe kujaza skrini. Ziache katikati, nyuma yake uweke nakala yake hiyohiyo iliyotiwa ukungu.

Kuna na zile za bure za kweli, programu huria: Shotcut, Kdenlive na OpenShot. Hazina nembo, hazikudai akaunti, hazina toleo la kulipia lililojificha nyuma ya kitufe cha mwisho, na zinakubali Windows, Mac na Linux. Kwa kazi yako wewe, nakuchagulia OpenShot. Unaziteua picha zote, unaziagiza ziingie kwenye mstari wa chini, nayo inakuuliza kila moja ikae sekunde ngapi, ififie vipi, ivutwe karibu au iachwe. Unajibu mara moja, zote zinajipanga. Vipo na vibao vya maandishi vya kujaza tu. Sevu kila baada ya dakika chache, lakini hilo ningekwambia kwa programu yoyote chini ya jua.

DaVinci Resolve utaambiwa na vijana. Ni kweli ina toleo la bure na watengeneza filamu wanaitumia. Kwako ni kukodi lori kubeba kikapu, na kompyuta yako itatoa moshi. Za simu, kama CapCut, zinafaa kwa picha kumi na tano za kurusha mtandaoni. Picha za miaka 70 kuzipanga kwa kidole gumba kwenye kioo cha kiganjani sikushauri.

Tukija kwenye hesabu, maana hapa ndipo nilipoaibika mara ya pili, kwenye onyesho jingine. Nilikuwa na wimbo wa dakika 4, yaani sekunde 240. Nikasema kila picha sekunde 5, basi picha 48 zinatosha, hesabu ya darasa la tatu. Nilipocheza, picha zikaisha muziki ukiwa bado unaimba, skrini nyeusi kwa sekunde 47. Kumbe kila picha inapofifia ndani ya inayofuata, zile mbili zinagawana sekunde moja. Picha 48 zina maungio 47, kwa hiyo sekunde 47 zimeliwa. Picha 60 kwa mpangilio huohuo zinakupa sekunde 241, wimbo umefungwa vizuri na sekunde moja ya akiba.

Sasa chukua picha zako 312 ukazipige hesabu hiyohiyo. Ni karibu dakika 21. Mama atasinzia, na mwenye sherehe akisinzia nani atapiga makofi? Punguza hadi 120, nyimbo mbili, dakika nane. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko programu yoyote, na hakuna kitufe kitakachokufanyia. Kila ndugu atahesabu picha zake, na shangazi fulani ataona katoka mara moja tu tena amefumba macho. Lifanye jambo hilo peke yako, mlango umefungwa, uwaonyeshe likishaiva.

Kuzipanga pia usitegemee tarehe. Picha iliyopita WhatsApp huvuliwa tarehe yake ya asili, na ya zamani iliyoskaniwa inabeba tarehe ya kuskaniwa. Mimi nilibonyeza "panga kwa tarehe" na mjomba akaoa baada ya kupata wajukuu. Zipe majina mwenyewe: 001, 002, 003. Usiandike 1, 2, 3, kwani programu nyingine zitaweka 10 kabla ya 2. Na hizo za WhatsApp, waombe nduguzo wakutumie upya kama nyaraka, si kama picha, zisipunguzwe ubora njiani.

Zikishapangwa, ziweke zote pamoja na nyimbo ndani ya folda moja, na folda hiyo isihame. Faili la kazi la programu hizi kwa kawaida halibebi picha ndani yake, linakumbuka tu zilipo. Ukizihamisha, ukifungua kesho utakuta visanduku vitupu vinakutazama. Na sherehe ikiisha, tunza MP4 na folda ya picha. Lile faili la kazi usilitegemee miaka. ProShow ilikuwa kipenzi cha wapiga picha wengi kwa maonyesho ya namna hii, kampuni yake, Photodex, ikafunga mwanzoni mwa 2020. Waliokuwa wametoa video zao bado wanazitazama hadi leo.

Maandishi, kidogo sana. Si kila picha inahitaji maneno. Pale ambapo Mama anacheka, muache acheke. Panapohitajika, maneno saba au manane kwa sekunde 5, meupe yenye kivuli cheusi, herufi kubwa kwa macho ya miaka 70, na usiyasukume hadi ukingoni, televisheni nyingine hukata pembe. Kipimo changu: yasome kwa sauti mara mbili bila haraka. Yakipotea kabla hujamaliza, ama ongeza muda ama futa maneno.

Muziki: kama ni wa kuchezwa mbele ya familia tu, weka wimbo anaoupenda. Uwe na faili lake lakini, kwa sababu wimbo uliopakuliwa ndani ya Spotify umefungwa humohumo, hautaingia kwenye programu yoyote. Nduguzo wakitaka kuipandisha YouTube, hapo mambo ni mengine. YouTube wana mfumo wa Content ID unaoutambua wimbo wenyewe kwa sauti, na wimbo ukiwa na mwenyewe video yako inaweza kuzuiwa au matangazo yake yakamlipa yeye. Kusema mtunzi alifariki zamani hakusaidii, rekodi nayo ina mwenyewe. Njia rahisi ni kutoa nakala mbili: ya nyumbani yenye wimbo wa Mama, na ya mtandaoni yenye wimbo kutoka kwenye maktaba ya sauti ya YouTube, ambayo ni ya bure. Na uteremshe sauti polepole sekunde tatu za mwisho. Wimbo uliokatwa kama umeme hunikera kuliko picha yenye ukungu.

Leo ni Jumatatu. Kufikia Alhamisi nataka nione video ya picha tano, hata ikiwa mbaya. Ile ya Mama amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, anamtazama mtu ambaye hayumo kwenye picha, iwe mojawapo, uipe sekunde nane badala ya tano. Halafu umuulize, kabla ya siku ya sherehe, alikuwa anamtazama nani.

Mpe shikamoo yangu.

Wako,
Swahiba yuleyule

Nyongeza: flashi chukua mbili. Usiniulize kwa nini.