Jumamosi: njooni na rula

Wakuu, habari za jioni. Tunakutana Jumamosi saa nane mchana, Moshi, barazani kwangu kama kawaida. Bado tupo kwenye modeli za Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza, za 1/72 (yaani milimita 1 kwa kila milimita 72 za ndege halisi). Kabla hujabandika mabawa, pima kwanza: ndege halisi yenye mabawa ya kawaida ilikuwa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yako itoke milimita 156. Mimi nilipiga msasa kupita kiasi ikabaki 151. Msinicheke.

Halafu pangaboi! La Mk V (toleo la tano la Spitfire) lina mapanga matatu, la Mk IX (la tisa) manne. Kuna mtu alichanganya mara ya mwisho (anajijua). Gundi kila mtu aje na yake, na shemeji yenu anasema isidondokee tena mkeka wake.