Usimpe mtu akufanyie mafunzo yako

Mbagala, Dar es Salaam
9 Juni, 2024

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto hapo Mbeya. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na bado anaulizia ule mchele wa Kyela uliomwahidi.

Ujumbe wako niliupata nikiwa kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma. Ulinikaa moyoni njia nzima, ndiyo maana nimeona nikuandikie barua, nisikujibu kwa maneno mawili. Unasema kampuni yenu imeleta mafunzo ya usalama na afya kazini kwa njia ya mtandao, mnasoma kwenye simu na maswali mwishoni, na kwamba kuna kijana pale ofisini anawafanyia madereva kwa shilingi 10,000, mtu anapata cheti bila kugusa chochote. Unaniuliza kama na wewe umpe.

Usimpe, kaka. Nakuomba sana.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia vizuri, nadhani kwa sababu linaniuma. Kampuni ile niliyoiacha nayo ilileta mafunzo ya namna hiyo. Karani alichukua orodha yetu sote, madereva na matingo, akakaa na kompyuta asubuhi moja, na mchana vyeti vikawa tayari vimetiwa nailoni. Changu nilikitia kwenye kabini juu ya kiti, pamoja na karatasi za bima. Nilijua kabisa kwamba si mimi niliyejibu yale maswali. Nikanyamaza, maana nani anataka kugombana na ofisi kwa ajili ya karatasi?

Miezi miwili baadaye tulikuwa tunarudi Dar na mzigo wa shaba. Tumeshavuka Igawa, Makambako bado, saa nane za usiku, tairi la nyuma la tela likapasuka. Mvua ilikuwa imenyesha jioni na pembeni mwa barabara ardhi ilikuwa laini. Mimi nilishuka kukata matawi niyaweke barabarani nyuma yetu. Utingo wangu, kijana mwenye bidii usiombe, akatoa jeki na kuisimamisha moja kwa moja juu ya udongo. Hakuweka ubao chini yake, wala jiwe kwenye tairi za upande wa pili. Ringi ilipoanza kutoka, jeki ikazama upande mmoja, tela likalala kidogo tu, labda kiasi cha kiganja. Mkono wake ulikuwa katikati. Nilisikia chuma kikigonga chuma, halafu nikamsikia yeye.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Tulipofuatilia haki yake, ofisi ilitoa faili. Ndani mna cheti chenye jina lake, na kwenye somo la kubadili tairi barabarani amepata 100. Bosi akakigonga kwa kidole akasema, huyu alifundishwa, kosa ni lake mwenyewe. Yule kijana alikaa pale na mkono umefungwa bandeji, hana la kusema, maana cheti ni chake kweli. Namshukuru Mungu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauanzi kwa kuuliza kosa ni la nani, unaangalia kama uliumia ukiwa kazini. Alilipwa. Lakini ofisi ilimwona mzembe mpaka siku aliyoondoka, na karatasi iliyomtia uzembe waliichapa wao.

Nilipopata kazi hapa nilipo sasa na mafunzo yakaletwa, niliapa kuyafanya mwenyewe. Niliyamaliza kwa usiku tatu nikiwa foleni mpakani, tumekaa kabini na utingo, simu moja katikati yetu. Kila swali namwacha ajibu kwanza. Mara nyingi alinishinda.

Sikudanganyi kwamba yote yana maana kwetu. Picha zinaonyesha usukani upande wa kushoto na madereva wanaopita kwenye theluji. Hakuna somo la mtu anayelala chini ya tela mpakani. Hakuna neno kuhusu jiko la mkaa ndani ya kabini, na sisi tunajua wangapi wameliwasha usiku wa baridi pale Makambako wakapandisha vioo wakalala. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mkaa ukishaiva vizuri huuoni hata huo moshi. Hilo niliandika kwenye sehemu ya maoni, na nitaendelea kuliandika mpaka waliweke.

Lakini kuna mambo yaliyonishika, mimi mwenye miaka 22 barabarani. Kwa mfano kushuka kwenye kabini. Nani alishawahi kutufundisha kushuka? Tunaruka. Somo linasema ugeuze uso kuelekea gari, na wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Nilicheka moyoni, kisha nikakumbuka magoti yangu yanavyoniuma kila asubuhi.

Na usingizi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake vinachelewa sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa hesabu mwenyewe: umeamka saa kumi na moja alfajiri kupakia, umekaa mizani, umeondoka jioni, na saa nne usiku bado uko kwenye usukani. Wewe hunywi, hilo nalijua. Lakini saa hiyo unaendesha kama mnywaji. Tangu nilisome, nikiona macho mazito naegesha mahali salama, nalala dakika 20, na simu ya bosi naipokea nikishaamka.

Somo la breki ndilo ninalotaka ulisome mara mbili, wewe unayeshuka mteremko wa Kitonga na mzigo. Tunasema breki zimefeli kama kwamba zimeamua zenyewe. Dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, ikipata moto sana, lainingi zinazoisugua kulisimamisha gari hazishiki tena hata ukikanyaga mpaka chini, na moto huo tunautia wenyewe kwa kukanyaga mfululizo tangu juu. Gia nzito inaingizwa kabla mteremko haujaanza, injini ndiyo ilishike gari, breki iguswe na kuachiwa. Ukishaanza kuteremka ukatafuta gia na ikakataa kuingia, umebaki huna gia wala injini ya kukushika. Siku hizi kabla ya Kitonga nasimama, nazima injini, nafungua vali za matangi ya upepo wa breki kutoa maji. Halafu nayajaza tena, nazima, utingo anakanyaga breki, na mimi nazunguka tela lote nikisikiliza. Upepo unaovuja unausikia kama mtu anayenong'ona. Safari iliyopita tuliukuta mmoja, kwenye bomba la tela karibu na ekseli ya mwisho, mpira umechanika kiasi cha ukucha. Ningepita nao zamani.

Na kwa kuwa mnabeba mafuta, usiliruke lile somo la ajali ya tangi. Tarehe 10 Agosti 2019 unaikumbuka kama ninavyoikumbuka mimi. Lori lilipinduka pale Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, ukalipuka moto, na waliokufa walizidi 100. Mafunzo yanakuambia la kufanya ukiwa bado una akili: zima injini, ondoka kuelekea upande unakotoka upepo, wazuie watu wasisogee, piga 114 Zimamoto ukiwa mbali na gari. Ukiyasoma leo ukiwa umetulia, siku ya siku mdomo wako utajua la kuwapigia watu kelele.

Jambo jingine, usikubali kusoma kwa bando lako, tena usiku baada ya safari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri jukumu la kuwafundisha wafanyakazi wake. Ni wajibu wake, si hisani. Mwombeni kwa adabu mpewe saa mbili za kazi na intaneti ya ofisi. Wakiona kundi zima la madereva linauliza, watatoa. Na waambieni wawasajili matingo pia. Ndio wanaoingia chini ya gari, na wengi wao majina yao hayamo hata kwenye orodha ya mishahara.

Simu haiwezi kumaliza kila kitu, hilo nalikubali. Huwezi kujifunza kuweka jeki kwa kubonyeza jibu sahihi. Ndiyo maana sisi hapa baada ya somo la tairi tulitoka uani na jeki, ubao na magogo mawili, kila utingo akainua tela mara moja huku wengine tunatazama. Yule mwenye vidole vilivyobaki vitatu nilimwita aje. Alikuja kutoka Chalinze kwa nauli yake. Hakuhutubia. Aliweka ubao chini, akaweka gogo kwenye tairi mbele na nyuma, akalipiga teke kila moja kuona kama limeshika, ndipo akagusa jeki.

Alhamisi ijayo nitakuwa Mbeya nikipeleka mbolea, nitaegesha pale Uyole. Njoo na simu yako imejaa chaji, na umlete na utingo wako. Tutaanza na la breki, kisha tuingie chini ya tela langu nikuonyeshe lile bomba tulilobadilisha. Ile 10,000 mnunulie Zuhura madaftari.

Msalimie sana shemeji, na mzee wa Igurusi ukimwona.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Imani